Mzee Hakumbuki Mwaka: Mwongozo wa Filamu ya Kumbukumbu za Familia kwa Mwanafunzi wa Nkome

Mwalimu wa Historia akikupa kazi ya kutengeneza filamu fupi ya makala kuhusu kumbukumbu za familia yako, utajikuta umefungua daftari na kuandika: "Taja athari tatu za Operesheni Vijiji kwa jamii yako." Lifute. Hilo ni swali la mtihani, na babu akiulizwa swali la mtihani hujibu kama mtahiniwa. Atakaa wima, atakohoa kidogo, kisha atakupa maneno ya redioni na ya mikutano ya hadhara: umoja, maendeleo, huduma za jamii. Utarudi shuleni na nusu saa ya hotuba ambayo ungeweza kuisoma kitabuni bila kumsumbua.

Muulize badala yake siku ile walipoambiwa wahame walikuwa wamepika nini. Atanyamaza. Atamwita bibi athibitishe kama ilikuwa mihogo au mahindi mabichi. Wakianza kubishana, filamu yako imeanza.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa Nkome, kando ya Ziwa Victoria mkoani Geita, na vijiji vya jirani, mwenye simu ya kuazima, bando la kuhesabu na likizo moja ya kufanyia kazi. Umejengwa juu ya jambo moja tu: mzee hakumbuki mwaka. Anakumbuka mahali, kitu, na nani alikuwa amesimama karibu naye. Mwaka ni kazi yako wewe. Mkigawana kazi namna hiyo hamtagombana, na kila mmoja atatoa anachokijua.

Tukio moja, nyumba moja

Filamu ya mwanafunzi isizidi dakika 12. Ndani ya dakika hizo familia moja inatosha, na tukio moja linatosha. Wengi huharibikiwa kwa kutaka kueleza yote, kuanzia Wajerumani mpaka uchaguzi uliopita.

Matukio Nkome hayana uhaba. Familia nyingi za Kisukuma zilizoko Geita ni za wahamiaji. Babu zao walitoka upande wa mashariki wakifuata ardhi ya pamba na malisho, hasa miaka ya 1940 na 1950, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikifungua mapori ya Geita yaliyojaa mbung'o. Waliwakuta Wazinza, wenye nchi. Mwaka 1958 Geita ilichafuka kwa sababu ya baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi ambalo wananchi hawakulitaka, na watu wakafunga safari hadi Mwanza kupeleka malalamiko yao. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, ikaja Operesheni Vijiji ya kuhamishia watu vijijini, vikaja vita vya Kagera, zikaja foleni za sabuni na sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaja sangara na viwanda vyake. Halafu asubuhi ya Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza na mamia ya watu. Katika vijiji vya kando ya ziwa utakuta wengi wanaokumbuka walikuwa wapi habari ilipofika.

Ukiniuliza mimi, lililo tajiri kuliko yote kwa Nkome ni la kisiwa cha Rubondo. Kila mtoto wa mwaloni anazijua boti zinazopeleka watalii hifadhini. Wachache wanajua kwamba kisiwa kile kilikuwa na watu wake, wavuvi na wakulima, na kwamba kilipofanywa pori la akiba mwaka 1965 wakazi hao walihamishiwa visiwa vya jirani na nchi kavu. Mwaka uliofuata wakaanza kuletwa sokwe. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wakifugwa Ulaya waliachiliwa kisiwani, katika mradi wa Bernhard Grzimek wa Frankfurt Zoological Society, na mwaka 1977 Rubondo ikawa Hifadhi ya Taifa. Sokwe wale wamezaliana, na habari zao zimeandikwa na wanasayansi wa mataifa mbalimbali. Habari za watu waliotoka humo zimebaki zaidi midomoni mwa wazee, na aliyekuwa na miaka 10 wakati ule leo amepita 70. Kama katika ukoo wenu kuna shangazi au babu aliyezaliwa kisiwani, acha mengine yote umfuate huyo.

Kalenda ya nyumbani

Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika nyakati kama mzee anavyozitaja: "baada ya Operesheni", "mwaka wa njaa ile", "Masanja akiwa mgongoni", "kabla hatujamjua sangara". Kulia acha wazi, utajaza mwenyewe.

Kwa kujaza, unahitaji vigingi vichache tu vya kufungia. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Basi bibi akisema walivunja nyumba ya zamani wakati mwanawe wa pili hajaanza kutembea, unajua utafute ndani ya miaka hiyo mitatu, na umri wa mjomba wako utakufikisha karibu kabisa. Cheti chake cha ubatizo, kama kipo, kinamaliza ubishi. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Baada ya vita Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mikanda, miezi ambayo wazee huisimulia kama miaka. Kama familia ilimpoteza mtu vitani, uliza alizikwa wapi. Kuna makaburi ya mashujaa wa vita hivyo Kaboya, wilayani Muleba, na safari ya ndugu kwenda kuyaona, au safari ambayo haijawahi kufanyika, ni sehemu ya simulizi.

Kuwa mwangalifu na dhahabu. Mzee anayesema "nilifanya kazi mgodini Geita" anaweza kuwa anazungumzia mmoja kati ya migodi miwili tofauti. Ule wa zamani, wa enzi za Mwingereza, ulianza miaka ya 1930 ukafungwa 1966. Huu wa sasa, GGM, ulianza uzalishaji mwaka 2000. Katikati kuna zaidi ya miaka 30, na mwanafunzi asiyelijua hilo atamweka babu yake kwenye mgodi ambao haukuwapo. Mkoa nao unachanganya. Mkoa wa Geita ulianzishwa 2012. Kabla ya hapo karatasi za Geita zinasoma Mkoa wa Mwanza, na za wakati wa ukoloni zinasoma Jimbo la Ziwa. Ukiandika barua kuomba nyaraka, au ukimtuma kaka aliyeko Mwanza aangalie maktaba ya mkoa, mpe majina hayo ya zamani.

Usimsahihishe mzee mbele ya kamera. Akikwambia MV Bukoba ilizama usiku, wewe unajua ilizama asubuhi baada ya kusafiri usiku kucha kutoka Bukoba. Mwache aendelee. Kushoto andika "usiku", kulia andika "asubuhi", na kwenye filamu weka tarehe sahihi kwa maandishi madogo chini. Kisha, siku nyingine, muulize ule usiku anaoukumbuka ni upi. Pengine ni usiku aliokaa nje akisubiri jina la ndugu yake lisomwe redioni, na hilo lina uzito kuliko saa ya kuzama.

Ziara ya kwanza, simu mfukoni

Nenda kwanza bila kurekodi chochote. Hata kama ni babu mzaa baba unayemwona kila siku, siku hiyo umekuja kwa kazi, na kazi ina adabu yake. Shikamoo, kaa kwenye kigoda ulichopewa, salamu ziishe zote: za ng'ombe, za mvua, za ziwani. Kama mzee hajambo zaidi kwa Kisukuma au Kizinza kuliko Kiswahili, mwamkie kwa lugha hiyo, na umwambie mapema kwamba hata kamera itakapokuwapo ataongea kwa lugha aliyoizoea. Utatafsiri wewe. Mzee anayelazimishwa Kiswahili cha ofisini hupoteza nusu ya simulizi njiani.

Kwa mzee asiye wa ukoo wenu, pitia kwa mwanawe mkubwa au kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kilo ya sukari na mche wa sabuni ni heshima ya mgeni. Fedha mkononi kabla ya mazungumzo ni jambo jingine kabisa: aliyelipwa huona ana deni la kukufurahisha, na atakuwekea simba pale palipopita fisi.

Katika ziara hii tafuta kujua nani anajua nini. Utamsikia bibi akisema kutoka jikoni, "Mimi sijui historia, muulize babu yako." Usimwamini. Babu anajua jina la katibu tarafa aliyekuja na maneno aliyosema. Bibi anajua walibeba nini, nani alikuwa mgonjwa, kuku wangapi walipotea njiani na nyumba mpya ilivuja kwa muda gani. Mrekodi bibi peke yake, babu akiwa matembezini. Wakikaa pamoja, babu ataongea na bibi ataitikia.

Kwa wavuvi, fuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda mitumbwi hupumzika. Mvuvi wa dagaa ukimkuta siku za giza, asubuhi anasinzia na mchana yuko na wanunuzi. Ukimkuta mwezi ukiwa mpevu ameketi anashona nyavu, mikono ina kazi na mdomo uko huru, na hakuna hali nzuri ya kusimulia kama hiyo. Lakini mwaloni usichomoe simu kabla ya kuonana na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo. Tangu Operesheni Sangara ya 2018, nyavu zilipokamatwa na kuchomwa moto, mtu anayepiga picha mitumbwi bila kujitambulisha hudhaniwa katumwa. Barua ya shule yenye mhuri hupunguza wasiwasi huo. Kusema wewe ni mtoto wa nani huupunguza zaidi.

Maswali na sanduku la bati

Andaa maswali machache, yote ya mahali, kitu na mtu. Mlango wa nyumba ile ulitazama wapi? Aliyekuja kuwapa habari alikuja kwa baiskeli au kwa gari? Mlilala wapi usiku wa kwanza? Nani alikataa kuondoka? Kati ya yote, swali ninaloliamini kuliko mengine ni hili: "Mliacha nini?" Walichobeba watu hukitaja haraka, godoro, sufuria, mbuzi. Walichoacha hukitaja polepole: mihogo iliyokuwa bado shambani, mtego wa samaki uliokuwa majini, kaburi la mtoto.

Ukishauliza, nyamaza. Mzee akimaliza sentensi usirukie swali la pili. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Mara nyingi kwenye saba ataongeza jambo ambalo hakupanga kulisema. Itikia kwa kichwa, si kwa "mh" na "eehe", maana sauti yako itaingia juu ya yake na hutaweza kuitoa. Na kwa kuwa utalikata swali lako baadaye, mwombe airudie hoja ndani ya jibu. "Wanne" haina maana kwenye filamu. "Tulipovuka kutoka kisiwani tulikuwa wanne kwenye mtumbwi" inasimama yenyewe.

Hungaria kuna mtengeneza filamu, Péter Forgács, ambaye tangu miaka ya 1980 amekusanya filamu za nyumbani za familia za nchi yake, nyingine za miaka ya 1930. Ndani yake watu wanakula, wanaoa, wanaogelea na watoto, hawajui vita inayokuja, na yeye huziunganisha upya hadi mtazamaji anayejua kilichofuata anashindwa kukaa. Familia zetu hazikuwa na kamera za namna hiyo. Zilikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Humo utakuta picha ya studio yenye pazia la kuchorwa, kadi ya TANU, stakabadhi za pamba za chama cha ushirika, barua ya kijana aliyekuwa jeshini, pengine tiketi ya meli. Omba lifunguliwe kamera ikiwa inarekodi, uilenge mikono, na umwache mwenye sanduku atoe kimoja kimoja kwa mwendo wake. Baadaye piga kila kitu picha kando ya dirisha, mbele na nyuma, kwa sababu majina na tarehe huandikwa nyuma. Usiondoke na chochote, hata kwa ahadi ya kurudisha kesho.

Upepo, jua na jogoo

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi, kwa sababu simu uliyo nayo inatosha. Ilaze, usiishike wima. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili isipigwe katikati ya simulizi. Futa lenzi. Chagua ubora wa 1080p, ujue kwamba saa moja hula takriban GB 7 hadi 8, kwa hiyo hamisha kwanza miziki na video za vichekesho. Kila jioni nakili ulichorekodi sehemu mbili, moja isiwe simu yako.

Nguvu zako zote ziweke kwenye sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza, lakini asiposikia anaondoka. Adui yako Nkome ni upepo wa ziwani, ambao huchangamka kadiri jua linavyopanda. Rekodi asubuhi, nyuma ya nyumba, upande usioelekea majini. Ukipata simu ya pili, iwe kwenye mfuko wa shati wa mzee ikirekodi sauti peke yake. Mwanzoni piga kofi moja mbele ya kamera, na mlio huo ndio utakaokusaidia kulinganisha sauti na picha. Mwombe jirani mwenye mashine ya kusaga aizime kwa nusu saa. Chumba kitupu cha sakafu ya saruji kina mwangwi. Chenye kitanda na magunia hakina. Na jogoo mwache awike, huyo ni wa nyumbani.

Jua lisimpige mzee mgongoni, atageuka kivuli. Chini ya mwembe napo si pazuri kama watu wanavyodhani, kwa sababu madoa ya mwanga hucheza usoni upepo ukitikisa majani. Barazani, uso ukielekea uwanjani, ndipo pazuri. Simu ikae usawa wa macho yake juu ya kigoda na mfuko wa mchanga, wewe kaa kando yake, ili akutazame wewe na asiitazame simu. Kabla hujafunga, wote mnyamaze na urekodi sauti ya mahali pale kwa dakika moja. Utaihitaji kuziba mapengo utakapounganisha.

Twende mahame

Kama mzee ana nguvu ya kutembea, hii ndiyo siku itakayobeba filamu yote. Mwombe akupeleke mahame, pale palipokuwa mji wao kabla ya kuhama. Familia nyingi bado zinapajua, na mara nyingi hapako mbali.

Jana yake mpe fimbo na mchanga, mwambie achore mji ulivyokuwa: nyumba kubwa, zizi, ghala, kisima, njia ya kwenda kwa jirani. Rekodi mchoro ukizaliwa, kutoka juu. Kesho yake, mkiwa njiani, usitangulie ukimrekodi uso. Tembea nyuma yake au kando, simu ikiwa chini kidogo, ikichukua miguu, fimbo na nyasi. Usimuulize kitu. Akikaribia ataanza mwenyewe.

Mahali pasipo na nyumba pana ushahidi wake. Miembe iliyopandwa kwa mstari haikuota yenyewe. Minyaa iliyozunguka eneo tupu ilikuwa ua wa mtu. Kuna jiwe la kusagia lililochimbika katikati, kuna vigae vya vyungu, kuna udongo mweusi zaidi palipokuwa zizi, na mahindi ya mwenye shamba wa sasa yamestawi zaidi hapo. Mwache mzee ayaone kabla yako. Anapoonyesha kwa mkono, chukua mkono, kisha geuza simu polepole kule unakoelekea, na ukifika tulia angalau kwa sekunde kumi. Wanafunzi wengi huzungusha simu huku na huku wakidhani mwendo ndio sinema. Matokeo yake hakuna picha hata moja inayokaa vya kutosha kutumika.

Kumbuka shamba hilo leo lina mwenyewe. Mwombe ruhusa, na umweleze kwa sauti ya wazi kwamba mmekuja kwa kumbukumbu, hamjaja kudai ardhi. Katika ukanda huu wenye leseni za uchimbaji na bei ya ardhi inayopanda, mzee akionekana anapiga hatua kwenye shamba la mtu huku kijana anarekodi, habari itafika kwa mtendaji wa kijiji kabla yenu.

Kwa waliotoka Rubondo mahame yako ndani ya hifadhi. Hapo utahitaji kibali cha TANAPA, na kama hukupata, kaeni ufukweni upande wa Nkome siku ya anga safi, mzee aelekeze kwa fimbo palipokuwa kwao. Umbali huo nao unasimulia.

Yasiyosemwa

Kuna mambo ya ukanda huu ambayo mzee atayaruka. Mwaka 1976, katika msako wa watuhumiwa wa mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi mikoani Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu hiyo. Kwenye vitabu ni habari ya uwajibikaji wa kiongozi. Kwenye nyumba fulani ni habari ya baba ambaye hakurudi, au ya bibi aliyetuhumiwa, na majirani wa pande zote mbili bado wanateka maji kisima kimoja.

Wenzetu wa Hungaria wanalijua hili. Maasi yao yaliyoanza Oktoba 23, 1956 yalizimwa na vifaru vya Kisovieti, watu wapatao 200,000 wakakimbia nchi, na Waziri Mkuu Imre Nagy akanyongwa Juni 1958. Kwa miaka 30 na zaidi lililosemwa shuleni na lililonong'onwa nyumbani halikuwa moja. Nagy alizikwa upya kwa heshima Juni 1989, na ndipo wazee wengi walipoanza kuongea mbele ya wajukuu. Anayenyamaza ana hesabu zake. Wewe ukikutana na ukimya wa namna hiyo usichokoe. Sema, "Babu, hilo tunaweza kuliacha," na uliache kweli. Akilisema kisha akajuta, futa mbele ya macho yake.

Ridhaa iwe ya karatasi na ya mdomo. Mwanzoni mwa rekodi mzee aseme jina lake, kwamba amekubali, na filamu itaonyeshwa wapi: nyumbani, darasani, kwenye tamasha, au mtandaoni. Hizo ni ruhusa nne tofauti, na aliyekubali darasani hajakubali YouTube. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria ziwa hili limeshatoa funzo. Filamu ya Hubert Sauper ya 2004, Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza kuhusu biashara ya sangara, ilisifiwa Ulaya na kufika hadi kuteuliwa kuwania Oscar. Huku nyumbani Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006, na watu wakabishana kuhusu ukweli wake. Unaweza kuitetea au kuipinga. Mimi naona ina picha zenye nguvu na haraka ya kuhukumu. Swali la kujiuliza wewe ni dogo zaidi: mtu aliyesimama mbele ya kamera alijua picha yake itakwenda wapi?

Mezani

Usifungue programu ya kuhariri, kama CapCut, siku hiyohiyo. Kwanza andika kila neno lililosemwa, kwa lugha iliyosemwa, na dakika yake pembeni. Kazi hii inachosha na wengi huikwepa, lakini ndipo filamu inapoandikwa. Chukua kalamu nyekundu upigie mstari sentensi zisizoweza kusemwa na mtu mwingine yeyote. Sentensi kama "tuliteseka sana" ziache; kila mtu huzisema. Zilizobaki zikate vipande vya karatasi, zipange sakafuni, uhamishe mpaka zikae. Sasa fungua simu.

Tafsiri ya chini ya picha iwe fupi na iwe ya Kiswahili cha kwenu. Mwonyeshe mtu mwingine anayejua lugha ya mzee, maana kijana wa shule hudhani anajua Kizinza mpaka atakapokutana na jina la aina ya mtego. Babu na shangazi wakipingana, waweke wote wawili, mmoja baada ya mwingine, bila sauti yako kuamua. Ila pale panapohusu tarehe za taifa, tarehe yako iwe sahihi.

Usichukue picha ya vita yoyote mtandaoni ukaiweka kama ya Kagera. Kama huna picha, onyesha kadi, barua, mikono, au acha sauti juu ya ziwa. Wimbo wa msanii nao una mwenyewe, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Ni nafuu kumwomba bibi aimbe wa kulimia pamba.

Kuonyesha

Onyesho la kwanza ni nyumbani kwa mzee, kabla ya mwalimu kuiona. Mkae naye, watoto wake wawepo, na ukubali kukata kitakachowaumiza. Ukitaka kuionyesha kwa umma, muulize Afisa Utamaduni wa halmashauri utaratibu wa Bodi ya Filamu Tanzania mapema, kwa sababu kibali hakipatikani siku ya tamasha. Maeneo ya mgodi usiyarekodi bila ruhusa, na ndege nyuki ya kuazima usiirushe bila kibali.

Mwisho, familia ipewe rekodi nzima, si zile dakika 12 peke yake. Weka nakala kwenye flashi, uikabidhi kwa mtu mmoja anayetunza vitu, nyingine ibaki maktaba ya shule. Juu ya bahasha andika kwa peni isiyofutika jina la msimuliaji, kijiji alichozaliwa, lugha aliyotumia, tarehe ya kurekodi, na sehemu alizosema zisionyeshwe akiwa hai.